Boma ni Kazi ya Uzalishaji: Tafuta Panapokwama Kabla ya Kuongeza Mifugo

Kipeperushi kwa familia za wafugaji wa Kibaha na Kisarawe



Mwezi wa Juni, masika yanapokwisha, malisho ya Magindu, Dutumi na Kwala huwa yamejaa. Ni hivyo hivyo Mzenga na Mafizi upande wa Kisarawe. Ng'ombe wananenepa, maziwa yapo, mama ana cha kuuza. Ifikapo Septemba mbavu zinahesabika. Ndama wamekufa, ada ya shule inadaiwa, na ng'ombe anapelekwa mnadani Pugu akiwa amekonda, bei anapanga mnunuzi. Wengi wakiona hali hii husema dawa ni kuongeza mifugo.

Kipeperushi hiki kinakuomba ufanye jambo jingine kwanza: tafuta mahali kazi ya boma lako inapokwama, ukapafungue. Mara nyingi mfugaji anaweza kupata zaidi kwa ng'ombe wale wale alionao.

1. BOMA LINAZALISHA NINI?

Kila kazi ya uzalishaji, iwe kiwanda, shamba au boma, ina sehemu tatu.

Vinavyoingia: nyasi, maji, chumvi, dawa, chanjo, nguvu za watu na fedha.

Kazi inayofanyika: kupandisha, kuzalisha, kulea ndama, kuchunga, kunywesha, kuogesha, kukamua.

Vinavyotoka: ndama walioachishwa kunyonya wakiwa hai, maziwa, ng'ombe na mbuzi wa kuuza, ngozi na samadi.

Idadi ya ng'ombe zizini haimo kwenye vinavyotoka. Ng'ombe ni mtambo wenyewe. Mwenye mashine kumi za kusaga zilizosimama hamzidi mwenye tatu zinazosaga kutwa. Kwa hiyo, pamoja na kujiuliza "nina ng'ombe wangapi?", jiulize pia: "mwaka huu wametoa nini, na nimetumia nini kukipata?"

2. KIBANIO KIMOJA HUAMUA

Unajua josho lilivyo. Hata ukipeleka ng'ombe mia tatu, wote hupita kwenye kibanio mmoja mmoja. Ukipanua uwanja wa kusubiria, ng'ombe wengi zaidi watasubiri, lakini kasi ya kuogesha itabaki ile ile. Kinachoamua kasi ni kile kibanio. Kila kazi ina mahali pa namna hiyo.

Chukua mfano wa maji. Una ng'ombe 60, na kila mmoja anahitaji kama lita 30 kwa siku. Hizo ni lita 1,800. Mbauti wako unatosha ng'ombe 10 kwa pamoja, na kila kundi linakunywa kwa dakika 10. Kwa mbauti peke yake ungemaliza kwa saa moja. Lakini pampu inatoa lita 15 kwa dakika, na lita 1,800 zinahitaji dakika 120. Ng'ombe watakaa kisimani saa mbili, juani, bila kula.

Ukijenga mbauti mrefu zaidi hutaokoa hata dakika moja, kwa sababu kinachokwamisha ni pampu. Dawa yake ni kuweka tangi na kuanza kulijaza alfajiri kabla ng'ombe hawajafika. Gharama yake ni tangi na kijana mmoja kuamka mapema, na ng'ombe wanapata karibu saa moja zaidi ya malisho kila siku.

Fanya hivyo kwa kila kazi ya boma. Simama, tazama wapi mifugo wanasubiri, wapi wanapotea, wapi wanakufa. Hapo ndipo penye kibanio chako.

3. HESABU YA BOMA LA MFANO

Hesabu hii ni ya mfano tu. Weka namba za boma lako mahali pake.

Tuseme una majike 20 wenye umri wa kuzaa. Kwa mwaka wanazaa 12. Kati ya ndama hao 12, wanne wanakufa kabla ya kuachishwa. Wanabaki 8. Sasa una njia tatu.

Njia ya kwanza, kununua majike 5. Utakuwa na 25. Hali ikiwa ile ile, watazaa 15, watakufa 5, watabaki 10. Umeongeza ndama wawili. Umelipa bei ya ng'ombe watano, na umeongeza midomo mitano kwenye nyasi zile zile.

Njia ya pili, kuokoa ndama. Majike ni wale 20, wanazaa 12, anakufa mmoja tu. Wanabaki 11. Umeongeza ndama watatu bila kununua ng'ombe hata mmoja.

Njia ya tatu, kufanya majike wazae mapema zaidi. Wakizaa 15 badala ya 12, na vifo vikabaki theluthi, wanabaki 10.

Ukiunganisha ya pili na ya tatu, wanazaa 15, anakufa mmoja, wanabaki 14. Hao ni sita zaidi ya 8 wa mwanzo, kwa majike wale wale.

Angalia na madume. Dume mmoja mzima anatosha majike 20 hadi 25. Ukiwa na majike 20 na madume watatu wazima, wawili wanakula nyasi ambazo jike mwenye mimba angekula. Hao wauze au wahasi.

4. KWA WENGI KIBANIO KIKO KWA NDAMA

Pwani yetu ina joto na unyevu, na kupe wanapapenda. Kupe huleta ndigana kali, ndigana baridi, mkojo damu na maji moyo. Pia kuna mbung'o wanaoeneza nagana. Ndama ndiye hushindwa kwanza. Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

a) Dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Ndama anyonye hadi ashibe ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa. Dang'a ndiyo kinga yake ya mwanzo. Akichelewa, tumbo lake linapoteza uwezo wa kupokea kinga hiyo. Ndama dhaifu akamuliwe na kunyweshwa kama lita 2.

b) Kitovu. Kipake dawa ya ayodini siku ile ile anapozaliwa.

c) Mgawo wa maziwa. Mtoto wa nyumbani anahitaji maziwa na ndama anahitaji maziwa. Katika miezi miwili ya mwanzo usimalize kiwele. Acha angalau chuchu moja kamili kwa ndama, na zaidi ikiwa mama yake ana maziwa kidogo. Unachokamua zaidi leo unaweza kukilipa kwa ndama mzima kesho.

d) Zizi la ndama. Liwe kavu, lenye paa, na lifagiliwe. Ndama wakilala kwenye matope na mbolea huharisha na kupata homa ya mapafu ya ndama.

e) Kupe. Ogesha au nyunyizia kila wiki wakati wa mvua, na uchanganye dawa kwa kipimo cha kibandiko. Dawa nyepesi haiui kupe, inawafundisha kuizoea. Kagua ndani ya masikio, maana kupe wa kahawia anayeeneza ndigana kali hupenda kujishika huko.

f) Chanjo ya ndigana kali. Ipo, na wafugaji wengi wa kaskazini mwa nchi wanaitumia kwa ndama wao. Hutolewa mara moja, na lazima itolewe na mtaalamu aliyefunzwa, kwa kuwa huhifadhiwa kwenye baridi kali sana na huendana na sindano ya dawa nyingine. Haizuii magonjwa mengine ya kupe, hivyo kuogesha kunaendelea.

5. PANGA KUANZIA MWISHO KURUDI MWANZO

Anayezalisha kwa mpango huanza kwa kuuliza: mali yangu nataka iwe tayari lini? Kisha anahesabu kurudi nyuma.

Mfano wa mbuzi. Soko la Dar es Salaam huhitaji mabeberu wengi wakati wa Idd ya Kuchinja, na mbuzi wa kuchinja anatakiwa awe ametimiza mwaka mmoja. Mimba ya mbuzi ni miezi 5. Ukijumlisha miezi 5 na 12 unapata miezi 17. Anayetaka kuuza Idd fulani anaanza kazi yake miezi 17 kabla, au mapema zaidi ili mnyama awe na mwili. Kumbuka pia kuwa Idd hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka.

Mfano wa ng'ombe. Mimba yake ni kama siku 283, miezi tisa na siku chache. Jike aliyepandwa mwanzoni mwa Juni atazaa Machi, nyasi za masika zikianza kuota. Juni hiyo hiyo majike wako na mwili mzuri, hivyo wanashika mimba kwa urahisi. Tatizo la kuzaa masika ni kupe na matope. Kwa hiyo zizi la ndama na dawa ya kuogesha viwe tayari kufikia Februari.

Kuwatenga madume kwa miezi kadhaa si jambo geni. Wazee wa Kimaasai wamekuwa wakimfunga beberu ngozi tumboni asipande hadi wakati uliokusudiwa. Huo ni upangaji wa uzalishaji kamili.

Kalenda ya Pwani:

Januari na Februari: chanja kimeta na chambavu kabla ya mvua. Tengeneza zizi la ndama. Lisha ziada majike wenye mimba kubwa.

Machi hadi Mei: majike wanazaa. Ogesha kila wiki. Fuatilia dang'a, vitovu na minyoo.

Juni na Julai: ingiza dume na beberu. Kata na kausha hei. Chagua wa kuuza na uwauze wakiwa wanene.

Agosti hadi Oktoba: fungua malisho ya akiba kwa wanaonyonyesha, ndama na wagonjwa. Achisha ndama wakubwa.

Novemba na Desemba: mbuzi wanazaa kwa majani ya vuli. Rudia kuogesha kila wiki. Uza wale waliopona vizuri kwa soko la sikukuu.

Kuhusu kuuza, fahamu faida uliyo nayo. Mnada wa Pugu hupokea ng'ombe kutoka mikoa ya mbali. Aliyesafirisha ng'ombe kwa lori kutoka Kanda ya Ziwa hawezi kuwarudisha nyumbani, atauza kwa bei atakayoikuta. Wewe uko jirani. Unaweza kuulizia bei kwa simu, na ukasubiri wiki moja. Lakini faida hiyo ni ya mwenye ng'ombe mnene asiyedaiwa kesho yake. Kwa hiyo ada ya Januari tafutia ng'ombe wa Julai. Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kabla hujaondoka.

6. GHALA LA NYASI

Mwenye kiwanda huweka malighafi ghalani, la sivyo mtambo unasimama. Wamaasai wana alalili, Wasukuma wana ngitili: eneo la nyasi linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Huko Shinyanga, ngitili nyingi zilirudishwa na wanakijiji wenyewe chini ya mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986. Huku Pwani tunaishi pamoja, Wamaasai, Wasukuma, Wabarbaig na wenyeji wakulima, hivyo maarifa haya yote yapo kijijini kwako.

Eneo la akiba lipitishwe kwenye mkutano wa kijiji na liingie katika mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010 inatambua jambo hili. Eneo likiwa na mipaka inayojulikana, mchungaji hana sababu ya kuingia kwenye mihogo ya jirani mwezi wa Septemba. Magomvi mengi na wakulima huanza siku nyasi zinapokwisha.

Ongeza hei. Fanya hesabu hii: una mifugo 10 dhaifu, yaani wanaonyonyesha na ndama. Kila mmoja umpe kilo 2 za hei kwa siku kama nyongeza, kwa siku 60. Hizo ni kilo 1,200. Robota la kilo 15 likifungwa kwa kasha la mbao, unahitaji marobota 80. Vijana wawili wakifunga manane kwa siku, ni kazi ya siku 10. Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, zikiwa bado na lishe. Za Septemba ni mabua matupu. Kisarawe maganda ya muhogo yapo mengi. Yakaushe vizuri juani kabla ya kulisha, maana mabichi yana sumu.

7. UBORA HUJENGWA KILA HATUA

Hapa Kibaha kuna kituo cha kutengeneza chanjo za mifugo, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Chanjo za mdondo, kimeta na chambavu hutoka hapo. Kila hatua hupimwa, kwa sababu chanjo ikiharibika katikati, hakuna hatua ya mwisho inayoweza kuifufua.

Hatua ya mwisho kabisa iko mikononi mwako. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ukiinunua na kuibeba mfukoni juu ya pikipiki juani, unachomchoma ng'ombe ni maji. Beba chupa ya chai yenye barafu au kasha la baridi, na uitumie ndani ya muda ulioandikwa.

Maziwa ni vivyo hivyo. Mama, wewe ndiye msimamizi wa ubora hapa. Osha kiwele na mikono. Mikamuo ya kwanza iweke kwenye kikombe cheusi, uone kama kuna mabonge, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Maziwa ya ng'ombe mgonjwa au aliyechomwa dawa yakae mbali hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe. Tumia vyombo vya alumini, maana dumu lililokuwa la mafuta halisafishiki ndani. Weka chombo kivulini na kitambaa chenye maji juu yake. Lita moja mbovu ikiingia kwenye kopo la lita 20, kituo cha kukusanyia kitakataa zote 20. Na ya nyumbani chemsheni, kwani ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu.

8. KILA MTU NA KAZI YAKE

Mwaka 1913, kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Marekani kilianza kupitisha gari mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akifanya kazi moja tu. Muda wa kuunga fremu ya gari ulishuka kutoka kama saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu. Ford alieleza kwamba wazo hilo lilitokana na machinjio ya Chicago, ambako mzoga ulipita kwenye reli ukining'inia, na kila mchinjaji akakata sehemu yake. Viwanda vilijifunza kwa ng'ombe.

Tumia hilo siku ya chanjo. Mmoja anaingiza ng'ombe kwenye kibanio, wa pili anashika, mtaalamu anachoma, wa nne anapaka alama, wa tano anaandika. Watu watano waliopangwa wanamaliza kabla ya jua kali, na hakuna ng'ombe anayerukwa au kuchomwa mara mbili.

9. DAFTARI

Kichwa cha mfugaji kinakumbuka rangi ya kila ng'ombe na ukoo wake. Lakini hakikumbuki siku. Nunua daftari moja, na umpe kazi ya kuandika mtoto anayesoma. Kila mnyama aandikwe kwa jina au namba ya heleni. Andika mambo haya matano:

- Jike amezaa lini, na mara ya mwisho alizaa lini.
- Ndama aliyekufa, umri wake na dalili alizokuwa nazo.
- Maziwa yaliyouzwa na yaliyonyweka nyumbani.
- Mnyama aliyeuzwa, tarehe, bei na sababu ya kuuza.
- Dawa na chanjo, tarehe na gharama.

Baada ya mwaka daftari litakuonyesha kibanio chako. Ndama wengi wakifa kabla ya wiki mbili, angalia dang'a na usafi wa zizi. Wakifa baada ya mwezi, wakiwa na homa na matezi yaliyovimba chini ya masikio, shuku ndigana kali. Jike anayepitisha miaka miwili bila kuzaa, huyo ndiye wa kuuza Julai. Na ukikuta mauzo mengi yana sababu ya "shida", kibanio chako ni mpango wa fedha.

Ukishafungua kibanio kimoja, kingine kitaonekana. Ukiokoa ndama wote, mwaka unaofuata nyasi ndizo zitabana. Usishangae. Hamia huko.

10. ANZA WIKI HII

1. Keti na familia nzima: baba, mama, vijana wachungaji. Kila mmoja ataje mahali anapoona hasara. Mchungaji huona ambayo mwenye boma haoni.
2. Hesabu majike wenye umri wa kuzaa, waliozaa mwaka huu, na ndama walio hai.
3. Chagueni jambo moja tu la kurekebisha mwaka huu.
4. Amueni nani atalifanya, lini, na kwa fedha ipi.
5. Fungueni daftari.

Kisha njoo na daftari hilo kwa afisa mifugo wa kata yako, au umwonyeshe siku ya josho. Ukisema tu "ng'ombe wanakufa", tutaanza kwa kubahatisha. Ukija na tarehe, umri na dalili, tutajua pa kuanzia siku hiyo hiyo.